Kipimo cha Ndani

Mwalimu hakuweza kukaa karibu na kitu chenye pembe bila kukiuliza kinabeba kiasi gani. Ukimkaribisha nyumbani na kumpa kiti, kwanza atatazama kreti ya soda iliyogeuzwa meza, debe la unga, kabati, hata tofali linalozuia mlango, kisha atakaa na midomo yake itaanza kwenda bila sauti. Mke wangu alidhani anasali, na kwa muda mrefu alimheshimu kwa hilo kuliko alivyomheshimu Pasta. Siku moja sala ilipoisha, Mwalimu akamwambia, "Ile kabati yako, ukitoa zile nguo zenye bwana yako anasemaka atashona upya, utaweka mule unga ya miezi mbili." Mke wangu alinitazama. Tangu siku hiyo kabati ile haikunipa amani.

Bwana wa nguo za kushona upya ndiye mimi. Ni fundi cherehani, na miaka yangu mingi ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, nimeipitisha kwenye baraza ya kanisa letu, mguu kwenye pedali, mgongo ukiwa umeelekea dirisha. Ndani ya kanisa hilo, siku za kazi, watoto wakisharudi kutoka shule ya asubuhi, Mwalimu aliwafundisha hesabu kwa Kiswahili chetu na Kifaransa kidogo, ili waelewe yale waliyokwisha kuambiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanamke huyu nilimfahamu zaidi kwa masikio. Sikuwa mwanafunzi wake. Naliweka hilo wazi ili kulinda heshima yangu, maana watoto wa mwanzo leo wana ndevu na maziwa ya kuwanunulia watoto wao, na mimi nilibaki palepale dirishani nikisikiliza somo lilelile la ujazo wa mche mstatili, na kila mwaka nikigundua kwamba mwaka uliotangulia sikuwa nimelielewa.

Najitetea hivi. Fundi wa nguo ni mtu wa bapa. Kitambaa kina urefu na upana, basi. Ukikilaza mezani kinalala. Wateja wangu kwa bahati mbaya si bapa, wana matumbo na mabega, na ndiyo maana Dzaleka kuna watu wengi wanaopumua kwa shida siku ya Jumapili. Mwalimu aliwahi kusimama nyuma yangu nikikata gauni la mama mmoja mnene, akatazama chaki yangu inavyokwenda, akauliza kwa upole, "Fundi, huyu mama utamuvalisha ao utamubandika ku ukuta?" Nilicheka. Mteja aliporudi kujaribu gauni, sikucheka tena.

Somo lake la ujazo lilianza na sabuni. Alikuja na mche mmoja wa sabuni ya kufulia umefungwa kwenye kitenge, akapita kwangu kwanza.

"Fundi, nipe uzi ya nailoni."

"Ya nini, Mama Mwalimu?"

"Ya kukata sabuni. Kisu inavunjaka. Uzi inapita tu."

Alishika ncha mbili za uzi wangu, akaukaza, akaukatisha kwenye sabuni polepole mpaka ukatokea upande wa pili, na kila kipande kikawa na pande sawa kotekote, sawa na upana wa kidole gumba chake. Watoto walipanga vipande juu ya benchi la kanisa, mistari kwa mistari, kisha juu yake tabaka jingine. Wakimaliza, aliwauliza kana kwamba ile ni nyumba ya kupanga.

"Chini muko bantu ngapi?"

"Kumi na mbili, Mwalimu."

"Etaji ngapi?"

"Mbili."

"Nyumba nzima iko na bantu ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

Hapo ndipo kila darasa jipya lilipokwama, kwa sababu hakuna mtoto wa Dzaleka aliyewahi kuona nyumba yenye etaji. Nyumba zetu zote ziko chini, udongo juu ya udongo. Mwaka wa binti yangu Neema, yeye ndiye aliyeinua mkono kuuliza etaji njo nini. Mwalimu alimpandisha juu ya meza ya mahubiri, akamwingiza mtoto mwingine chini ya meza hiyohiyo, akasema, "Sasa we Neema uko etaji ya kwanza. Huyu wa chini njo anakusikiaka ukitembea." Darasa lilicheka, Neema akaanza kuruka ili jirani yake wa chini asikie vizuri, na Pasta aliyekuwa akipita aliuliza ni nani amempa mtoto ruhusa ya kusimama pale. Mwalimu akamjibu kwamba ni hesabu. Jibu hilo alilitumia kwa kila kosa lililofanywa na wanafunzi wake, na mara nyingi lilitosha.

Kanuni yenyewe, urefu mara upana mara kimo, aliikataza. Watoto walikuja nayo kutoka asubuhi wakiiimba kwa Kiingereza kama pambio, na yeye aliziba masikio. Baba mmoja wa Fizi, kwetu Kongo, alifika akiwa amekasirika, akasema kule shule ya kweli ile kitu waliimaliza siku moja, hapa batoto bananawa tu. Mwalimu hakumpandishia sauti. Alimwonyesha bati la biskuti lililokuwa na vifungo vyangu. "Papa, uko na kanuni. Niambie humu mutaingia vipande ngapi ya sabuni." Baba yule alitazama bati, akatazama darasa, akasema yeye ni mkulima. Binti yake wa mwisho akajibu kabla hajamaliza kusema. Mimi pia nilikuwa na jibu langu, nilikuwa nimelishika mdomoni nyuma ya dirisha, na nashukuru Mungu sikulitoa.

Somo likiisha, kila mtoto alikwenda nyumbani na vipande vyake vya sabuni. Dzaleka sabuni si kitu cha kutupa. Kina mama walianza kuwahimiza watoto waende kwenye hesabu, na siku za ujazo darasa lilijaa mpaka mlangoni. Mke wangu alimwuliza sabuni yote hiyo inatoka wapi. Mwalimu alisema, "Sabuni inatokaka mwenye sabuni iko," na akabadilisha mazungumzo.

Alikuwa na misemo yake. "Hesabu haiko na haraka, haraka ni ya kwako." Huo ulikuwa wa watoto, na wangu pia nikivunja sindano. Mwingine aliusema mara nyingi zaidi, kwa kila mtu, hata kwa wauza nyanya wanaopanga nzuri juu: "Inje njo inaonekanaka, ndani njo inabebaka." Niliupenda sana msemo huo. Niliurudia kwa wateja nikiwa na sura ya mtu aliyeutunga, mpaka mmoja akanitazama na kuniambia, basi suruali yangu ilingane na huo msemo.

Lakini nisimfanye mtakatifu, atanikasirikia. Mtu aliyejua kila debe linabeba kiasi gani hakuwahi kupika nsima, ugali wa hapa, ya kumtosha yeye peke yake. Alikaa peke yake, na sufuria yake ilikuwa ya kulisha kwaya. Jioni watoto wa jirani walijua wapite wapi. Nilimwambia, "Mama Mwalimu, hapa hesabu imekataa?" Akasema unga wa Malawi unavimba kuliko wa Bukavu. Alihimiza watu kuwahi ibada, naye alifika nyimbo zikiwa katikati na kulala usingizi mzuri kuanzia somo la kwanza. Akiulizwa jambo asilolijua hakusema sijui hata siku moja. Alisema, "Ile tutaona kesho," na kesho alikuja nalo kweli, macho mekundu, ukajua alikesha nalo.

Na lipo kubwa kuliko hayo. Vijana walipokaa ukutani asubuhi mpaka jioni wakingojea majibu ya dosie zao za kwenda ng'ambo, aliwapitia na kuwafokea. "Kungojea haiko kazi. Fanya kintu yenye mukono yako inajua." Vijana waliitikia kwa heshima, lakini akishawapita walicheka, kwa kuwa hakuna mtu katika Dzaleka nzima aliyengojea kama yeye. Mtoto wake wa pekee alitangulia Kanada na familia ya mjomba wake, akiwa kijana mdogo. Mwalimu alikuwa na dosie ya kumfuata. Aliitwa, akaulizwa maswali, akapimwa damu, kisha kimya. Simu yake ikilia katikati ya somo alitoka nje kuipokea, na sisi sote, watoto ndani na mimi barazani, tulijua anaomba iwe simu ya dosie. Akirudi alishika chaki. "Tulikuwa etaji gani?"

Lazima nieleze habari ya tangi, ingawa ningependa kuiruka.

Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha. Tulichoka kwenda mbali kutafuta maji ya kina, basi tukajenga tangi la matofali na saruji nyuma ya kanisa, nami nikaingizwa kwenye kamati kwa sababu moja tu, nina utepe wa kupimia. Niliupokea wadhifa huo kwa uzito. Nilivaa koti. Nilipima urefu, nikapima upana, nikapima kimo, nikazidisha kama nilivyosikia dirishani miaka yote, nikagawa kwa ndoo, nikawatangazia kina mama idadi ya ndoo watakazoteka kisimani. Sikumwuliza Mwalimu. Nilitaka ajue kwamba yaliyomo yamo.

Jumapili ya ubatizo ndoo zilikuja vichwani kuanzia alfajiri. Ilipofika karibu nusu ya zile nilizotangaza, tangi lilijaa. Nyuma bado kulikuwa na mstari wa kina mama wenye ndoo vichwani, mke wangu akiwa wa nne. Nilikuwa nimepima nje. Kuta zile zilikuwa za matofali mawili mawili, nene vizuri, maana fundi mwashi aliogopa zipasuke, na mimi unene wote ule niliujaza maji kwenye karatasi.

"Turudishe mayi ku kisima?" mke wangu aliuliza.

Wakaongeza ndoo chache mpaka maji yakafika ukingoni kabisa, isibaki nafasi ya kikombe, na ndoo zilizosalia wakazipanga miguuni pangu. Kisha Pasta akashuka ngazi. Pasta wetu ni mtu mkubwa. Maji yaliyotoka yalikwenda moja kwa moja kwa wanakwaya, ambao walikuwa wamevaa sare mpya nilizowashonea mimi, na hapo ikajulikana pia kwamba kitambaa kile kinatoa rangi. Wiki nzima nilipopita watu waliniita Nuhu.

Wakati wengine wanafuta maji Mwalimu alituma wanafunzi wake wakapime maji yameshuka kiasi gani kutoka ukingoni, na darasa lililofuata lilianza hivi: "Fundi moja alipima tangi." Jina hakulitaja, alionyesha tu dirishani kwa chaki. Watoto walipiga ujazo wa nje, wakapiga wa ndani, wakatoa, wakapata unene wa ujinga wangu kwa ndoo. Kisha wakachukua urefu wa ndani, upana wa ndani, na kile kipande maji yalichoshuka, na hapo wakapata ujazo wa Pasta mpaka kifuani pamoja na dada mmoja aliyebatizwa. Wakaanza kubishana jinsi ya kumtoa dada ili abaki Pasta. Habari zilimfikia Pasta kabla ya jioni. Alikuja, akasimama mlangoni, nikajua leo hata "ni hesabu" haitatosha. Akauliza, "Mulipata ngapi?" Wakamwambia. Akajishika tumbo, akaenda zake, na mwezi ule alikataa nsima ya usiku.

Mimi nilikasirika siku kadhaa. Halafu nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeelewa ujazo, na kwamba nisingeuelewa kwa njia nyingine yoyote.

Sasa sanduku. Lilikaa mbele ya darasa, kushoto kwa mimbari, kwa sababu nyumbani kwake mvua ilipita. Lilikuwa la mbao nzito, limechongwa na seremala wa hapahapa kambini, na kufuli yake ilikuwa kubwa kuliko inavyohitajika. Kila mtu aliliita sanduku la Kanada. Mwanawe alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba kule sabuni ni ya kumwaga kutoka kwenye chupa, na Mwalimu hakuamini sabuni isiyoshikika. Basi kila siku ya mgao wa kambi akatia miche yake ndani, ya kwake na ya kuongezea aliyoletewa na watu kutoka Mponela. Juu ya sabuni likakaa koti. Koti hilo nililishona mimi.

Aliniletea blanketi mbili za kijivu, zile za mgao, akasema Kanada njo baridi, nimutengenezee manto. Sikuwa nimewahi kushona manto wala kuona nchi inayoihitaji. Nilimpima Mwalimu kwa makini sana, akiwa na gauni lake jepesi, nikakata, nikashona, nikaweka vifungo vikubwa vya kaunjika, mitumba ya hapa, vilivyotoka kwenye koti la mzungu. Nilipomvalisha lilimkaa sawasawa kabisa, halikubana wala kulegea. Ndiyo nguo pekee niliyowahi kushona ikamkaa mtu mara ya kwanza. Nilimzungusha barazani watu wamwone. Alisema, "Iko sawa, Fundi," akalikunja, akalitia sandukuni, akafunga.

Kila mwisho wa muhula sanduku hilo lilikuwa swali la mwisho. Watoto walilipima urefu, upana na kimo, wakapiga jibu. Kisha lazima mmoja aulize, "Na ndani, Mwalimu?"

"Ndani mutapima siku mi nitaenda."

Watoto walitaka sana kuona ndani. Neema aliniambia njiani siku moja kwamba anaomba lifunguliwe, halafu anaomba lisifunguliwe, na akaniuliza Mungu anafanyaje na maombi ya hivyo. Nikamwambia tutaona kesho. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba la pili tu. Nilimtakia mema Mwalimu, ila nilimtakia mema hayo polepole.

Jibu la dosie yake lilikuja Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote, na lilikuja kwa haraka baada ya miaka ya kimya. Nilikuwa nimekwenda Lilongwe kupeleka sare za kanisa moja la Mchesi, nikakaa kwa shemeji siku chache kumalizia mikunjo. Nyuma yangu jina la Mwalimu likatoka, yeye na wasafiri wenzake wakachukuliwa, wakaletwa mjini kungojea ndege. Nilikuwa soko la Tsoka nikichagua zipu simu ilipolia.

"Fundi, niko hapa Lilongwe. Kesho asubuhi tunaenda. Kuja na sindano na makasi."

Hakusema kwa nini. Nilidandia kabaza, na mwenye baiskeli akaniambia nimekaa vibaya, nikajibu nimezoea.

Nyumba ya wageni walipowekwa ilikuwa ya ghorofa. Nilisimama uani, na Mwalimu akatokea juu kwenye ngazi. Jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamelala chini ya magari, naye alikuwa amevaa manto yangu ya blanketi mbili. Aliteremka taratibu, mkono kwenye chuma, jasho likimtoka.

"Nililala etaji ya pili," aliniambia. "Nilisikia bantu ba juu banatembea. Kumbe inasumbua."

"Mama Mwalimu, hii joto yote na manto?"

"Mu valizi haikuingia. Kilo ziliisha. Ya mwilini habaipime."

"Basi funga nione."

"Njo nilikuitia. Angalia."

Ndani alikuwa amevaa fulana, shati, na sweta zito walilopewa wasafiri. Alivuta pande mbili za koti. Hazikukutana. Katikati palibaki nafasi ya kupitisha mkono wangu wazi, na vile vifungo vya mzungu vilitazama tu matundu yake kwa mbali.

"Ulipimaka nini, Fundi?"

"Nilikupima wewe."

"Ulinipima mi inje. Manto inapimwa ndani. Na mule ndani siko mi peke yangu. Muko sweta, muko shimizi. Mu hii miaka yote haukufikiri?"

Aliposema hivyo nilisikia vicheko vya kwaya nzima, rangi ikiwamwagikia. Nikatoa makasi, nikapiga magoti kwenye simenti ile ya moto, nikafumua mishono ya ubavuni nikitafuta akiba ya kitambaa ili niiachie. Hakukuwa na akiba. Nilikuwa nimekata hadi mwisho kwa kujisifu kwamba sipotezi. Koti likabaki limefunguka chini ya makwapa yote mawili, na bado halikufunga mbele. Nikakaa chini na makasi yangu.

"Baridi itaingia hapa," nilisema.

"Acha." Alichukua kitenge chake, akakizungusha kiunoni juu ya manto, akakifunga kwa fundo kubwa. "Iko sawa." Alisimama hivyo, bibi wa kijivu mwenye mkanda wa maua, na sijaona mtu aliyevaa vibaya zaidi akielekea mbali zaidi. Niliona aibu, kisha nikaona kwamba hajali.

"Niko na woga, Fundi."

"Ya ndege?"

"Ndege ni sanduku tu. Woga ya mutoto." Akaweka kiganja begani kwake. "Aliondoka ananifika hapa. Ku telefone minamuonaka uso. Telefone iko na urefu na upana, basi. Minajua kimo ya kila sanduku ya Dzaleka, ya mutoto wangu sijui. Nikifika pale nitaangalia ngambo gani, juu ao chini?"

Mimi mtu wa bapa, ningemwambia nini? Nilimshika mkono, tukakaa kwenye ngazi ya chini, na nikalia. Sikuwa na leso, nikajifuta kwa utepe wa kupimia, ambao haufyonzi kitu. Nilimwambia wazi kwamba nafurahi anakwenda na kwamba moyo wangu unauma, yote mawili, na kwamba nilikuwa naomba aendelee kubaki. Akasema alijua, kwa sababu Neema alimwambia.

Akatia mkono ndani ya sweta, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi wa nailoni.

"Kamata. Sanduku ilibaki. Muzito sana, haiende."

"Na sabuni ya Kanada? Nikutafutie mufuko?"

"Sabuni gani? Batoto yako balishaka kuinawa zamani." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza unga umekwisha. "Ilibaki manto tu. Sasa haiko kintu. Munaweza kupima."

"Nani atawapimisha?"

"We."

"Mama Mwalimu, mi sijui kufundisha. Unanijua."

"Minajua haujui. Njo maana hautaenda mbio." Akasimama, akakaza fundo la kitenge, akanishukuru kwa Kichewa. "Zikomo, Fundi. Rudi mbele jua ishuke." Akapanda ngazi, na kila hatua ubavu wa manto ulifunguka ukajifunga.

Juma lililofuata darasa lilijaa ingawa sikuwa na sabuni. Nilikuwa nimeiweka cherehani kando, nimevaa koti lilelile la kamati ya tangi. Kabla ya kuanza niliwasikilizisha ujumbe wake wa sauti uliofika usiku uliotangulia. Sauti yake ilikuwa na mafua. "Nilifika. Baridi inaingia penye Fundi alifungua. Mutoto, sasa ni mi njo ninamufika ku bega. Fungueni sanduku." Watoto walitaka kuusikia tena, nikauweka tena, kisha tena.

Kufuli iligoma kidogo, ikakubali. Harufu ya sabuni ikatoka ikajaa kanisa. Ndani hakukuwa na kitu, kama alivyosema, ila sakafu ya sanduku ilikuwa imebaki na alama nyeupe za miche iliyokaa pale miaka, mstari kwa mstari, hakuna nafasi iliyoachwa. Neema akaanza kuhesabu bantu ba chini. Mwingine akatazama ukutani mwa sanduku ambako weupe ulipanda karibu hadi kifuniko, akahesabu etaji. Kisha wakaacha kuhesabu. Walikuwa wanatazama mikono yao.

Macho yangu yakawa na shida. Nikainama haraka wasinione, nikafungua utepe, na kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaulaza juu ya ubao wa nje.

"Ndani, Fundi," wakasema wote.